Kutengeneza fremu za kukuzia matumbawe ukiwa Moshi au Arusha, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Huku kwetu ukitaja matumbawe watu wanakwambia hayo ni mambo ya Tanga na Zanzibar, sisi tuna mlima na mbuga inatosha. Sikubaliani kabisa. Mto Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, unaingia Nyumba ya Mungu pamoja na Ruvu, maji yakitoka hapo ndo mto Pangani unaoenda mpaka Bahari ya Hindi, kwa hiyo udongo unaooshwa kwenye mashamba yetu na mifuko inayotupwa kwenye mitaro ya Arusha na Moshi safari yake inaishia kule kule. Alafu kingine, ufundi unaotakiwa kurudisha mwamba wa matumbawe uliovunjika huku umejaa tele, kuchomelea, faiba, sola, elektroniki. Gereji za Arusha zinazokata Land Cruiser na kuzirefusha kwa ajili ya watalii zina mafundi ambao kazi hii wakioneshwa mara moja tu wanaielewa. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa fundi, mwanachuo au kikundi chochote cha huku bara kinachotaka kutengeneza vifaa vya kweli, vinavyofika baharini na vinavyodumu.

Kwanza elewa unatengeneza kwa ajili ya nini

Tumbawe ni mnyama. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi kwa pamoja na kujenga mifupa ya chokaa, na ndani ya miili yao kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho, unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake, na rangi nyingi unazoziona zinatokana na huo mwani. Maji yakipata joto kuliko kawaida mwani unatoka, tumbawe linapauka linabaki jeupe, joto likikaa muda mrefu linakufa. Mwaka 1998 hali hiyo iliua matumbawe mengi sana Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo.

Sasa pwani yetu ina kidonda kingine, uvuvi wa baruti. Pwani ya Tanga imepigwa baruti miaka na miaka. Mwamba uliopigwa unageuka kokoto, na kokoto zinabingirika kila wimbi likipita, mtoto wa tumbawe akitua juu yake anasagwa au anafukiwa. Ndo maana sehemu nyingine baruti ilishaacha kupigwa zamani lakini mpaka leo hamna kitu. Fremu kazi yake ni hiyo tu: kulala juu ya kokoto, kuzituliza, na kumpa tumbawe mahali pa kushika pasipocheza.

Wenzetu wa Indonesia walikuwa na tatizo hili hili la baruti. Kisiwa cha Bontosua, Sulawesi Kusini, walishusha fremu za chuma zenye umbo la nyota, kila moja imefungwa vipande kama 15 vya matumbawe, wakaziunganisha moja na nyingine mpaka zikawa wavu mkubwa sakafuni. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionesha kwamba baada ya miaka 4 mwamba uliorudishwa ulikuwa unajenga chokaa kwa kasi sawa na mwamba mzima wa jirani. Miaka 4 tu! Hilo ndo limenifanya niamini kwamba hii kitu kwetu inawezekana.

Ila niseme wazi mapema, fremu haipunguzi joto la bahari, wala haimzuii mtu wa baruti au wa juya la kokoro. Sehemu isiyolindwa usipeleke hata moja, utakuwa umetupa chuma baharini.

Hatua ya 1: Ruhusa kabla ya chuma

Usinunue hata nondo kabla hujaongea na watu wa kule. Huwezi kushusha kitu baharini kwa sababu umejisikia, na kukata matumbawe bila kibali ni kosa. Anza na afisa uvuvi wa halmashauri husika, yeye atakuunganisha na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji. Kama eneo liko ndani ya hifadhi, mfano Hifadhi ya Bahari ya Silikanti pale Tanga iliyoanzishwa 2009, au kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani, basi wenye mamlaka ni Taasisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, nao waulizwe mapema.

Ukifika kijijini nenda kwa heshima. Shikamoo kwa wazee, kaa chini, uliza, sikiliza. Wavuvi wakubwa wanajua mwamba gani ulikuwa na changu na tafi wengi kabla haujapigwa, wanajua maji yanakokimbia na sehemu gani mchanga unahama. Hiyo elimu huipati kwenye ramani yoyote. Ramani nayo iangalie lakini, Allen Coral Atlas inaonesha miamba ya dunia nzima kwa picha za satelaiti na ni bure.

Sehemu inayofaa iwe na kina cha mita 3 mpaka 6 hivi, kokoto zisiwe kwenye mteremko mkali, kuwe na matumbawe hai karibu, na isiwe kwenye njia ya maji ya tope yanayotoka mtoni. Karibu na mdomo wa Pangani wakati wa masika maji yanageuka kahawia kabisa, tope likitua juu ya kipande kidogo cha tumbawe linakiziba, hakifiki popote.

Hatua ya 2: Kukata chuma

Vipimo ninavyovipenda ni hivi kwa sababu havibakizi takataka nyingi. Chukua nondo ya milimita 10, ile ya kawaida yenye urefu wa mita 12, inatoa fremu 2. Kwa kila fremu kata:

- vipande 10 vya sentimita 29
- kipande 1 cha sentimita 58
- vipande 6 vya sentimita 40

Jumla ni mita 5 na sentimita 88, mara mbili inakuwa mita 11 na sentimita 76, kile kidogo kinachobaki kinaliwa na diski ya grenda. Fremu moja inakuwa na uzito wa kama kilo 3 na nusu kabla ya kupakwa, mtu mmoja anaibeba bila shida hata akiwa chini ya maji.

Usitumie chuma chenye zinki, yaani kile cha bomba za maji. Ukichomelea, moshi wa zinki unakupa homa mbaya usiku, na zinki yenyewe sio rafiki wa viumbe wa baharini. Nondo nyeusi ya kawaida inatosha. Na naomba sana, matairi ya zamani hapana. Florida huko Marekani miaka ya 1970 walitupa baharini matairi kama milioni 2 wakidhani wanajenga mwamba, kamba zikakatika, matairi yakaanza kubingirika na kupiga miamba iliyokuwa hai, mpaka leo ni kazi ya kuyatoa.

Hatua ya 3: Kuchomelea

Chora umbo la pembe sita kwenye bati nene au ubao mgumu, kila upande sentimita 29, alafu weka vizuizi vidogo kwenye kona ili kila fremu itoke sawa na mwenzake. Hapa usifanye haraka. Fremu zikitofautiana hata kidogo hazitapangika kwenye gari na kule chini hazitaungana vizuri.

Vipande 6 vya 29 ndo pembe sita yenyewe. Kile cha 58 kinakatiza katikati toka kona mpaka kona, vile 4 vilivyobaki vinatoka kona nyingine kuja kukutana nacho katikati. Miguu 6 ya sentimita 40 inachomelewa kwenye kona ikiwa imelala kwa nje kama digrii 45, hivyo fremu inasimama kama sentimita 28 kutoka chini na upana wake unapita mita moja kidogo. Mlalo wa miguu una faida mbili, fremu haipinduliwi na mkondo kirahisi, na zikipangwa zinaingiana kama masufuria, unapakia nyingi kwenye gari dogo.

Baada ya kuchomelea gonga ganda lote la juu ya maungio mpaka uone chuma, pitisha brashi ya waya, toa kutu na mafuta. Ncha kali zote zipigwe grenda, maana mtu atakayeishika amevaa glavu nyembamba na mkono uliolowa unachanika upesi mno.

Hatua ya 4: Koti la rezini na mchanga

Hapa ndo pagumu na ndo panapoamua kama fremu itadumu. Chuma kitupu kwenye maji ya chumvi kinaoza haraka na kutu ikibanduka inaondoka na kipande cha tumbawe. Kwa hiyo unapaka rezini, ile ile ya mafundi faiba, unaichanganya na hadena kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo la hiyo bidhaa. Usikisie. Hadena ikiwa ndogo rezini inabaki inanata, ikiwa nyingi inapata joto, inapasuka.

Paka koti la kwanza, hakikisha limeingia chini ya maungio na kwenye mistari ya nondo, acha likauke. Paka la pili na likiwa bado bichi nyunyizia mchanga kila upande mpaka chuma kisionekane. Mchanga unafanya uso uwe wa kukwaruza, tumbawe na wale viumbe wadogo wanaotangulia wanapata pa kushika. Tumia chenga za mawe ya chokaa zilizochekechwa, zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na zikauke kabisa, maana unyevu kwenye rezini unaharibu kila kitu. Mchanga mweusi wa mito yetu ya huku siupendekezi, umetoka kwenye mawe ya volkano na una chembe za chuma ndani. Na mchanga wa ufukweni usizoe kiholela, fukwe nazo zinaliwa.

Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa, vaa glavu na barakoa ya kuzuia mvuke, ile ya kitambaa haisaidii. Msimu wa baridi wa Juni na Julai, hasa Arusha, rezini inachelewa sana kukauka, kwa hiyo panga kazi mchana wakati jua lipo. Fremu isiondoke karakanani kama bado ina harufu kali. Rangi za mafuta na zile rangi za chini ya boti zenye shaba zikae mbali kabisa, shaba imewekwa makusudi iue viumbe wanaotaka kushika.

Hatua ya 5: Kipimajoto cha chini ya maji

Hii ni ya vijana wa elektroniki. Matumbawe yanaumia maji yakizidi nyuzi 1 tu juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote pale mahali. NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, inahesabu kwa satelaiti joto hilo likijilimbikiza wiki kwa wiki, nyuzi zilizozidi mara idadi ya wiki: jumla ikifika 4 tegemea kupauka, ikifika 8 tegemea vifo. Takwimu zao ni bure na unaziangalia ukiwa hapa hapa Moshi kwenye simu, lakini satelaiti inaona uso wa maji, sisi tunataka pale chini kwenye fremu.

Chukua kihisi cha DS18B20 chenye waya uliofunikwa, maikrokontrola ndogo kama ESP32, rizista ya kilo-om 4.7 kati ya waya wa data na waya wa umeme, saa ndogo ya kutunza muda, kadi ya kumbukumbu na betri. Iandike programu iamke kila nusu saa, ipime, iandike kwenye kadi, ilale. Usihangaike na waifai wala blutuuthi, mawimbi hayo hayapiti kwenye maji ya chumvi, mzamiaji atakuja kukichukua. Mwili wake tumia bomba nene la plastiki la maji lenye vifuniko viwili, tundu la waya lizibwe kwa epoksi.

Kihisi hiki kinaweza kukosea mpaka nusu nyuzi, na nusu nyuzi kwenye kazi hii ni kubwa mno, kwa hiyo lazima ukirekebishe. Ponda barafu, changanya na maji safi kidogo, koroga, subiri, hiyo ni sifuri hata uwe wapi. Usitumie maji yanayochemka kama 100! Moshi maji yanachemka kwenye kama nyuzi 97 na Arusha kama 95 kwa sababu tuko juu, kwa hiyo ukirekebisha kwa kuchemsha umekipa kipimo uongo wa nyuzi kadhaa. Kwa joto la bahari, nyuzi 25 mpaka 32, linganisha na kipimajoto cha maabara, omba shuleni au chuoni wakuruhusu. Cha homa hakifai, kimetengenezwa kwa joto la mwili.

Kabla ya kuweka betri, weka tishu kavu ndani ya bomba, funga, kizamishe usiku kucha kwenye simtanki. Tishu ikilowa ziba upya. Mkifika pwani rudieni jaribio hilo kwa kukishusha na kamba kwenye kina chenyewe, maana mita 5 chini mgandamizo ni mkubwa kuliko wa kwenye tanki.

Hatua ya 6: Kusafirisha

Moshi mpaka Tanga ni kama kilomita 350, unapita Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza. Ulizia malori yanayorudi Tanga matupu, ni nafuu zaidi kuliko kukodi. Kati ya fremu na fremu weka gunia au maboksi ili rezini isikwaruzike, na beba kopo dogo la rezini na hadena kwa ajili ya kuziba palipochubuka. Mchubuko wa saizi ya kucha unatosha kuanzisha kutu.

Hatua ya 7: Kushusha na kufunga vipande

Kazi ya majini waachie wazamiaji wenye cheti na watu wa BMU, hata kama unajua kuogelea kwenye bwawa la hoteli. Msimu nao una maneno yake. Machi na Aprili maji huwa yako kwenye joto la juu kabisa, usifunge vipande kipindi hicho. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likiwa kali boti hazikai. Wenyeji wanaijua tangambili, pale upepo mmoja unapokwisha na mwingine haujaanza, bahari inatulia, waulize wao watakupangia siku.

Vipande vitoke kwanza kwenye matumbawe yaliyokwisha kuvunjika lakini bado hai, yako chini yanabingirika na yangekufa tu. Urefu wa sentimita 5 mpaka 10 unafaa. Ya matawi yanakua haraka, ila changanya aina, na vipande vya aina moja vitoke kwa wazazi tofauti, maana joto likija wapo watakaovumilia na wapo watakaoshindwa. Vifungwe kwa kebo tai nyembamba, zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, vikazwe mpaka visitikisike hata kidogo. Kipande kinachocheza hakishiki. Mikia ya kebo tai inayokatwa iingie kwenye mfuko wa mzamiaji, yote irudi juu.

Fremu ziunganishwe miguu kwa miguu, na zile za pembeni zipigiliwe chini kwa nondo fupi.

Kuhusu umeme

Wapo watakaouliza habari za kupitisha umeme kwenye chuma ili chokaa ijijenge yenyewe. Ipo kweli, Wolf Hilbertz alianza kuijaribu miaka ya 1970, baadaye akaungana na Thomas Goreau, na kule Pemuteran, Bali, inafanya kazi tangu 2000. Fremu inaunganishwa na upande hasi wa umeme mdogo, madini ya maji ya bahari yanaganda juu yake. Ukikosea ukaiweka upande chanya inaliwa na kuisha. Mimi kwa kikundi kinachoanza siipendekezi, inataka nyaya ndefu, sola inayolindwa na fundi wa karibu kila wakati. Lakini kwa shule za huku ni somo zuri sana: ndoo ya maji ya bahari yaliyoletwa kutoka Tanga, waya wa chuma upande hasi, kijiti cha kaboni upande chanya, umeme mdogo sana, baada ya siku kadhaa unaona ganda jeupe kwenye waya. Chumvi ya mezani kwenye maji ya bomba haitafanya hivyo, haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha. Umeme ukizidi ganda linatoka laini linamomonyoka, ukiwa mdogo linakuwa gumu. Na ifanyike nje, kwenye kaboni inatoka hewa ya klorini ambayo ni sumu.

Hatua ya 8: Kufuatilia, ukiwa umerudi nyumbani

Kila fremu iwe na namba. Mkubaliane na watu wa kule wapige picha kutoka juu, umbali ule ule, rula ikiwa kwenye picha, mwezi wa kwanza, wa tatu, alafu kila miezi sita. Picha zikitumwa kazi ya kuzisoma inaweza kufanyika Moshi kabisa. CoralNet ni mfumo wa mtandaoni wa bure, unauonesha picha zako ukizitia alama mwenyewe, hili tumbawe hai, hili mwani, hili kokoto, ukishajifunza unaanza kukusaidia. Mwanzoni pitia kila alama kwa jicho lako.

Miezi ya mwanzo ndo ya hatari. Mwani unafunika vipande wakati havijashika, inabidi mtu apige brashi polepole kwenye chuma bila kugusa tumbawe. Angalieni pia konokono wadogo wanaokula matumbawe na kile kiti cha pweza (nyota ya bahari) kikubwa chenye miiba mingi, mkikiona msikikate vipande, toeni taarifa kwa wasimamizi wa eneo. Vipande vilivyokufa vibadilishwe, fremu iliyopinduka irudishwe.

Na pesa ya huo ufuatiliaji, mafuta ya boti, mitungi ya hewa, posho ya wazamiaji wa kijiji, itengwe kabla fremu ya kwanza haijachomelewa. Kama bajeti inatosha fremu 40 bila ufuatiliaji, tengeneza 20 na iliyobaki iende kwenye boti.